Dakika Kumi za Geti

Siku Mwongeli alipoitengeneza saa ya marehemu mke wangu, nilimfukuza nyumbani kwangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu huku Witeithie kila mtu ana habari yake. Kuna wanaosema yule mama Mkamba alinichoka. Kuna wanaosema binti yangu Wakonyo ndiye alimtoa mbio. Wote waongo. Ni mimi Gichuru, mwanaume wa miaka sitini na tatu, nilisimama kwa mlango wangu nikamwonyesha njia mtu pekee aliyenifanya nitamani tena kunyoa ndevu.

Mimi nakusanya saa. Usinifikirie mtu wa saa za dhahabu. Shule niliacha darasa la sita, na maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kiwanda cha nguo hapo Thika. Saa zangu ni zile wauza mitumba humwaga chini kwa gunia siku ya Jumamosi, pamoja na mishipi na miwani. Nyingi zimekufa. Nazinunua hivyo hivyo, nazifuta, nazifunga moja moja na vipande vya kitambaa nilivyotoka navyo kiwandani, nazilaza ndani ya mikebe miwili ya biskuti. Mkubwa akifa, saa yake huwekwa kabatini na watoto wake wakaigombania. Mtu mdogo akifa, saa yake hutupwa pamoja na viatu. Mimi naokota hizo za watu wadogo. Ziko thelathini na moja.

Mwongeli nilimjua kwa sababu ya sweta. Yeye ana chumba huko Ruiru, mlango unaangalia barabara, na humo anafuma sweta za watoto wa shule kwa mashine yake ya mkono. Ukipita unasikia ile mashine inaenda chwaa, inarudi chwaa. Nilimpelekea sweta yangu ya kijivu, mkono umeisha pale kwenye kifundo. Aliishika, akaipeleka kwenye mwanga, kisha akaniangalia mimi badala ya sweta.

"Ni mkono wa kushoto tu umeisha," akasema. "Wa kulia uko sawa kama wa dukani. Wewe ni mtu wa kuangalia saa sana."

"Nilifunzwa."

"Na nani?"

"Na watu wabaya."

Akacheka. Nilikuwa sijasikia mwanamke akicheka kwa maneno yangu kwa miaka mitatu, tangu nimzike Tabby kwenye kale kashamba ketu ka Kalimoni. Nikaenda nyumbani na sweta iliyotengenezwa na kifua kisichotengenezeka. Wiki iliyofuata nikavuta uzi mmoja mwenyewe, nikaukata, nikarudi Ruiru.

Mwongeli aliuangalia ule uzi muda mrefu. "Huu umekatwa na kisu, Baba Wakonyo."

Aliinamisha kichwa kwenye mashine, lakini niliona shavu lake likipanda, na nilijua anatabasamu. Hakunitoza kitu. Aliniambia nikitaka kuja nije tu, nisiharibu sweta.

Basi nikawa nakuja. Yeye pia ni mjane. Mumewe alianguka kutoka kwa jengo akiwa kazini, na wenye jengo hawakufika hata mazishini. Mtoto wake Muli ameoa na anakaa mbali. Tulikuwa na ya kuongea. Baadaye yeye naye akaanza kuja Witeithie Jumapili baada ya kanisa, na hapo ndipo maneno yalipoanza, na hapo ndipo Wakonyo alipoanza kunitembelea akiwa amenuna.

Wakonyo hakuwahi kumtukana. Alimsalimia, akamwita mama Muli, akamwekea chai. Lakini Mwongeli alipoenda, aliosha kikombe chake peke yake, mbali na vingine, na aliponiona nimeona akaniambia, "Baba, mimi sina neno na yeye. Neno ni kwamba anakalia kiti cha Mama." Nilimwambia kiti ni kiti. Akasema basi anunuliwe chake.

Jumapili moja Mwongeli aliniomba nimfungulie mikebe. Nilizipanga zote mezani, thelathini na moja, naye akawa anazishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota mayai chini ya kuku.

"Nyumba ikishika moto," akasema, "utakimbia na gani?"

Nilitoa tatu bila kufikiria.

Ya kwanza ilikuwa ya kiwanda, kubwa, inang'aa, jina la kampuni limeandikwa usoni. Nilipewa siku kiwanda kilipofungwa. Meneja alitupanga laini uwanjani, akatupa mkono, na kila mtu akapewa saa ndani ya kiboksi. Miaka ishirini na sita walichukua masaa yangu, wakanirudishia moja. Nayo ilisimama baada ya miezi mitatu. Mwongeli akaniuliza mbona nitaiokoa saa ya namna hiyo. Nilimwambia ni ushahidi. Hiyo sitaki iende hata siku moja. Vile imesimama ndivyo inavyosema ukweli juu ya wale watu.

Ya pili ilikuwa ya baba yangu, ya kutiwa ufunguo, kioo chake kimekwaruzika mpaka ni kama ukungu. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, na hakujua kusoma hata namba. Saa aliipata kwa mzungu aliyekuwa anahama. Aliivaa kila siku, na mtu akimwuliza saa, alikuwa ananyoosha mkono mpaka puani kwa yule mtu na kumwambia, "Jionee mwenyewe, kwani wewe hauna macho?" Watu walimwona mtu wa maringo. Mama yangu peke yake ndiye alijua, na hakumwambia mtu mpaka alipomzika.

Mwongeli alicheka mpaka akafuta macho na ncha ya leso. Kisha akaikumbatia ile saa kwa viganja viwili, na mimi nikaona wivu. Kuionea wivu saa ya baba yangu, katika umri huu.

"Na hii ndogo?" akauliza.

Ya tatu ilikuwa ya Tabby. Ya kike, ya betri, mkanda mweusi umepasuka pale palipokuwa panabana. Nilimwambia Mwongeli kwamba tulifanya kazi kiwanda kimoja, Tabby akiwa upande wa kusokota nyuzi, na kwamba alikuwa anaivaa uso ukiangalia ndani, ili mashine isikwaruze kioo. Kwa hivyo kila akitaka kujua saa alikuwa anageuza kiganja juu, kama mtu anayeomba. Hayo nilimwambia. Kuna moja sikumwambia, na kosa langu linaanzia hapo.

Nikueleze wewe sasa. Kile kiwanda kilikuwa na saa mbili. Moja ilikuwa juu ya kibanda cha askari wa geti, na wakubwa waliiweka mbele dakika kumi. Ikipiga moja asubuhi, geti linafungwa. Uwe umesimama hapo na mguu mmoja ndani, unafungiwa nje, unarudi nyumbani, hiyo siku imekupotea. Saa ya pili ilikuwa ofisini, nayo ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo ilipiga king'ora cha jioni. Asubuhi tunaingia na saa ya geti, jioni tunatoka na saa ya ofisi. Walituibia mchana kweupe, na wa kumwambia hakuna, kwa sababu wa kuambiwa ndio waliiba. Basi kila mfanyakazi aliweka saa yake mbele dakika kumi. Wake zetu, watoto wetu, mpaka muuza maziwa wa mtaa, wote walitembea na saa ya geti. Ukipanga kukutana na mtu ilibidi umwulize: ya geti ama ya kweli?

Kiwanda kilifungwa, geti likaota kutu. Tabby hakuirudisha saa yake nyuma. Alisema amezoea.

Usiku alipozidiwa nilimpeleka hospitali, sitasema gani. Mkubwa wa zamu alituambia daktari anakuja baada ya nusu saa. Nilikaa kwenye benchi kando ya kitanda nimeshika mkono wake, saa yake iko chini ya kidole changu. Nusu saa ikapita. Ikapita nyingine. Daktari alikuja kumekucha, na akatuuliza sisi mbona tulichelewa kumleta. Lakini kabla ya hapo, Tabby alifungua macho akaniuliza ni saa ngapi. Nikageuza kiganja chake juu, nikamsomea: saa kumi na dakika ishirini.

Akatabasamu upande mmoja. "Ya geti ama ya kweli?"

Sikumjibu. Naye hakuongea tena.

Kwa hivyo zile dakika kumi zilikuwa ndizo Tabby kwangu. Niliibadilisha betri ya ile saa mara mbili, na kila mara nilihakikisha fundi anairudisha mbele vile vile, nimesimama hapo namwangalia. Kila nikiitazama, yeye alikuwa dakika kumi mbele yangu, kama mtu aliyetangulia njiani na bado unaona mgongo wake.

Mwezi wa saba betri ikaisha tena. Baridi ilikuwa kali, kifua kikanishika, nikawa sina nguvu za kufika mjini. Mwongeli aliona vile naichukua saa, naiangalia, nairudisha. Siku hiyo aliondoka nayo, na mimi na homa yangu sikuona kwamba haipo. Jumapili iliyofuata alikuja na kitambaa cheupe kilichokunjwa, akakiweka mbele yangu, akakaa akiningojea nikifungue. Alikuwa na macho ya mtu aliyeficha zawadi njia nzima.

Saa ya Tabby ilikuwa inaenda. Kioo kimesafishwa. Mkanda ni ule ule, lakini ule mpasuko umeshonwa na uzi mweusi, mishono midogo ambayo ni yeye tu angeweza. Aliniambia aliipeleka kwa Zacharia, yule fundi wa pale Thika, na kwamba usiku aliisimamia mwenyewe redio ilipotangaza saa, ndiyo iwe sawa kabisa, hata dakika moja isikosee.

Niliangalia simu yangu. Niliangalia saa. Zilikuwa zinasema kitu kimoja.

"Nani amekuambia uiguse?" nikamwuliza.

Akadhani natania. "Nilitaka ukipona uipate inaenda."

"Nimekuuliza nani amekuambia."

"Baba Wakonyo, kwani nimeharibu nini?"

Ningemweleza. Ilikuwa ni maneno machache tu, haya haya niliyokuambia wewe. Lakini uchungu wangu haujasoma. Hauna maneno, una meno tu. Nilimwambia amemzika Tabby mara ya pili. Nilimwambia wanawake wakitaka nyumba ya mtu huanza na vitu vidogo. Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikaufungua.

Mwongeli alikunja kile kitambaa cheupe, pembe kwa pembe, akakitia mfukoni. Alipofika karibu nami alisimama, na kwa muda aliniangalia kwa macho yasiyo na hasira, ambayo ni mabaya zaidi.

"Sikujua kitu," akasema. "Ungeniambia tu. Haukuwa na haja ya kunitoa kama mwizi."

Alipoenda niliichukua ile saa nikajaribu kuisukuma mbele dakika kumi. Nikaisukuma. Haikusaidia. Sasa zilikuwa dakika zangu, mtu yeyote angeweza kuzitia. Nikairudisha pale Mwongeli alipoiacha.

Wiki tatu zikapita. Sikwenda Ruiru. Alhamisi akanitumia ujumbe kwa simu: Kaleli anakuja na pikapu Jumapili saa nane. Nimekubali kurudi kwetu Matuu. Sikuchukii.

Kaleli ni kaka yake mkubwa. Tangu mwanzo alikuwa akimwambia mwanamke mjane hakai peke yake Ruiru kungojea wazee wa Kikuyu wamalize kulia. Niliusoma ule ujumbe mpaka simu ikaisha chaji. Sikujibu. Nilijiambia huyo amechagua. Nilijiambia kaka yake ndiye mwenye lawama, na Zacharia fundi, na ile redio. Mimi kutafuta wa kulaumu ni kazi niliyoifanya miaka mingi kuliko kusuka nguo.

Jumapili hiyo Wakonyo alikuja na sufuria ya mukimo imefungwa na taulo. Alikuwa mchangamfu, maana nilikuwa nimemwambia Mwongeli nilimfukuza, na kwamba ni kwa sababu ya zile dakika kumi alizozitoa kwa saa ya mama yake. Alifagia, akafungua madirisha, akakaa kwenye kile kiti cha mama yake, akasema heri imekuwa hivyo, moyo wangu utapumzika. Kisha akasema kuna kitu angependa kuniomba. Anataka saa ya Mama, aivae.

Nilifungua mkebe. Saa ya Tabby ilikuwa imelala karibu na ya baba yangu, guka yake Wakonyo, ambayo nilikuwa nimeitia ufunguo asubuhi kama kawaida. Wakonyo aliziangalia zote mbili.

"Hii ya guka inakimbia," akasema.

"Haikimbii. Hiyo iko na saa ya geti."

"Saa ya geti na guka wapi na wapi? Si guka alikuwa wa kahawa?"

Nikamwambia ni mama yake. Wakonyo hakuwa amewahi kuisikia hiyo, na mimi sikuwa nimeisema kwa miaka mingi sana, kwa hivyo niliisema polepole, nikiitafuta.

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilikuja na saa ya baba mkononi. Nilikuwa mapema. Nilitembea na raha zangu, na nilipofika, geti likafungwa usoni kwangu. Nikabishana na askari, nikamwonyesha saa. Akanicheka. Nilipogeuka, kulikuwa na msichana amefungiwa nje pia, amekaa juu ya jiwe, anakula muwa. Akaniuliza, "Wewe ni mgeni?" Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nilete mkono. Nikadhani anataka kunisalimia. Akaushika mkono wangu, akavuta kile kifundo cha pembeni cha saa kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa na utamu wa muwa, akazungusha mishale mbele, akanirudishia mkono wangu. "Sasa wewe ni mtu wa hapa," akasema. "Kesho hautafungiwa."

"Huyo alikuwa Mama," Wakonyo akasema.

"Huyo alikuwa mama yako."

Kijiko kilikuwa mkononi mwa Wakonyo na mukimo unapoa. Alikuwa na uso ule ule wa Tabby anapopata uzi uliokatika mahali wengine hawauoni.

"Baba. Guka alikuwa amekufa lini?"

"Miezi miwili kabla ya hapo."

"Kwa hivyo hiyo ilikuwa saa ya marehemu."

"Ndiyo."

"Na Mama alimwuliza nani ruhusa?"

"Hakuuliza mtu."

"Na wewe ulimfanyia nini?"

Nilifungua mdomo, na jibu lilipotoka nililisikia kama limesemwa na mtu mwingine aliye nyuma yangu.

"Nilimwoa," nikasema.

Kuku walikuwa wanaparura nje. Wakonyo aliweka kijiko chini. Aliichukua saa ya mama yake, akaifunga mkononi, uso ukiangalia ndani, kisha akageuza kiganja juu kuiangalia. Sikuwa nimemfunza hiyo. Alipapasa ile mishono midogo myeusi na kidole, akaniuliza ni nani ameshona mkanda. Nikamwambia. Akapapasa tena.

"Wale wakubwa wa kiwanda umewalaani tangu nizaliwe, juu ya hizi dakika kumi," akasema bila kuniangalia. "Leo mtu amezitoa, unamfukuza. Hizo dakika hazikuwa za Mama. Ni wao walimwekea."

"Alikufa nazo."

"Alikufa nazo kwa sababu hakuna mtu alimwambia geti limefungwa kabisa." Akafunika sufuria ya mukimo. "Huyo mama anaenda saa ngapi?"

Sikujua kwamba alijua habari ya Mwongeli kuhama. Lakini Witeithie ni ndogo. "Saa nane," nikasema.

"Mimi sijasema nampenda," Wakonyo akasema. "Na hicho kiti bado ni cha Mama. Lakini ukienda, usivae hilo koti, linakufanya ukae kama mgonjwa. Vaa ile sweta."

Niliivaa. Nikaifunga saa ya baba juu ya mkono wa kushoto, chini ya ule ukingo mpya ambao Mwongeli alikuwa ameufuma.

Nilifika Ruiru nikihema. Kwenye kona ya duka la nyama, kabla hujaingia barabara ya Mwongeli, niliangalia saa. Saa nane na dakika kumi. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Unajua mtu akifungiwa geti miaka ishirini na sita, geti linaingia ndani yake. Hakuna mtu aliyenizuia. Sikusikia hata mlio wa gari. Lakini saa ilikuwa imepita, na mimi nilifunzwa kwamba ukichelewa hupigi kelele, hubishi hodi, unageuka unaenda nyumbani. Nikageuka. Nilikuwa nimepiga hatua kama nne hivi, labda tano, kwa kuelekea barabara kubwa.

Ndani ya duka la nyama redio ikalia ile milio yake, ti, ti, ti, na ule mmoja mrefu wa mwisho. Mtangazaji akasema ni saa nane kamili.

Nilisimama hapo nikiangalia mkono wangu. Kisha mzee wa miaka sitini na tatu akakimbia. Muuza nyama alitoka nje kuangalia.

Pikapu ilikuwa bado. Ilikuwa imesimama mbele ya mlango, kitanda na meza viko juu, na ile mashine ya kufuma imefungwa kamba kwenye upande. Kaleli alikuwa anakaza fundo. Ni mtu mkubwa, shingo fupi. Aliniangalia kutoka kwa viatu kwenda juu.

"Wewe ndiye mzee uliyemtoa dada yangu kama mwizi?"

"Ni mimi."

"Na umekuja kumwiba tena?"

Mwongeli alitoka na ndoo. Aliponiona aliiweka chini polepole, kama imejaa maji, na ilikuwa tupu. Alikuwa amekonda kidogo. Macho yetu yalikutana, yangu yakashindwa kwanza.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama juani mbele ya kaka yake. Saa ya geti, saa ya ofisi. Hospitali, na lile swali ambalo sikulijibu. Ule muwa, na meno ya Tabby kwenye saa ya baba yangu. Sikumlaumu mtu hata mmoja, na hiyo ilinifanya niongee kwa shida kama mtu anayetembea bila fimbo. Kaleli aliacha kamba. Mwongeli hakunikatiza.

Nilipomaliza nilivuta ukingo wa sweta juu, nikamnyooshea mkono.

"Irudishe nyuma," nikamwambia. "Dakika kumi."

Alitikisa kichwa. "Hiyo ni ya baba yako. Mimi saa ya marehemu siigusi tena."

"Mwongeli." Nilikuwa sijawahi kumwita hivyo, jina lake tupu. "Aliyeiweka mbele ni Tabby. Nataka wa kuirudisha uwe wewe."

"Ndiyo kesho uniambie nimemzika na baba yako?"

"Nikisema hivyo, Kaleli anajua njia ya kuja na pikapu."

Kaleli aligeuza uso upande mwingine, lakini mabega yake yalicheka.

Mwongeli alipangusa mikono kwenye leso, mmoja, halafu wa pili, mafuta ya mashine yakabaki kwenye maua ya kitambaa. Akakaribia. Akaushika mkono wangu, na vidole vyake vilikuwa vya moto kuliko nilivyokumbuka. Akavuta kile kifundo cha pembeni kwa kucha, akainamisha kichwa mpaka nywele zake zikanigusa kidevu, akazungusha mishale nyuma. Nilihisi kila dakika ikitoka. Zilipoisha alikisukuma kifundo ndani, lakini mkono hakuuacha.

"Sikuwa na hasira," akasema kwa chini, tusikie sisi wawili. "Nilikuwa nimeona haya. Nilidhani nimekuletea furaha."

"Uliniletea. Nilikuwa sijui inafananaje."

Kaleli alikohoa. Akasema Matuu ni mbali, na kama kuna mtu ana saa inayoeleweka hapa, amwambie ni saa ngapi.

Nikageuza mkono wangu, wake ukiwa bado juu yake.

"Saa nane na dakika kumi na nane," nikamwambia. "Ya kweli."

Mwongeli aliniachilia, akapanda juu ya pikapu, akaanza kufungua kamba za mashine.